Bahasha ya A saba

Juzi shuleni tulikuwa na kakikao ka kupongezana baada ya matokeo ya form four, pilau, soda, na bahasha. Utaratibu wetu ni elfu kumi kwa kila A kwenye somo lako, B haihesabiwi. Kiswahili kimetoa A saba, nikaitwa mbele, makofi, nikasaini, nikachukua sabini yangu. Sijaikataa, tusidanganyane, gesi ilikuwa imeniishia tangu Jumapili.

Ila toka siku ile kuna kitu kinanikera. Hao saba nawajua mmoja mmoja, watano walikuja form one wanaandika insha kuliko mimi, hata ningeshinda nimelala stafu miaka yote minne wangezoa A zao tu. Sasa kuna kijana alikuwa anakaa nyuma, pale dirishani pasipo na kioo, form two ananipatia kumi na mbili, kumi na tano, kumbe kusoma kwenyewe ndo shida, herufi anazijua ila akifika mwisho wa sentensi keshasahau ilikoanzia. Huyo nimekaa naye saa kumi jioni zaidi ya mwaka, tunasoma magazeti ya zamani yale ya kufungia maandazi, kidole kwenye mstari, tukikosea tunarudi. Mtihani wa taifa wa Necta kapata D. Alinifuata mbio mpaka nyumbani, "Madam D! Madam nimepata D!" utadhani kaitwa chuo kikuu. D inaanzia 30, A inaanzia 75, kwa hiyo kwenye bahasha yangu huyu mtoto hayumo.

Na mwalimu wetu wa fizikia, voltimita moja darasa zima, hana A hata ya dawa, alikaa nyuma anapiga makofi na mfupa wa kuku mkononi.

Sio kwamba sitaki motisha. Shoga yangu anayefundisha la pili ndo alinikumbusha ule mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, 2013 na 2014, majaribio ya shule za msingi 350, zingine zikapewa ruzuku, zingine motisha ya elfu tano kwa mwalimu kwa kila mtoto anayefaulu somo, zingine vyote viwili. Ruzuku tupu haikuwasogeza watoto, vyote viwili pamoja ndo viliwapandisha. Kwa hiyo hela inafanya kazi, sibishi. Ila angalia ilikopelekwa, la kwanza mpaka la tatu, kwa yule anayemshika mtoto mkono aandike a. Kwetu huku analipwa anayemalizia. Shoga yangu ana watoto mia na kitu darasani na hakuna aliyewahi kumwita mbele hata kwa soda, halafu mimi napokea A ambazo yeye na wenzake ndo walizipanda. Nilimwambia nimtumie elfu ishirini kwenye simu, akacheka weee, akasema tuma na ya kutolea.

Jana mkuu kapitisha karatasi ya malengo, kila mwalimu aandike A ngapi mwaka huu. Nikaandika kumi na tano, kwa mkono wangu. Leo nimeingia form four wapya, kabla hata sijafuta ubao nikajikuta nawahesabu, huyu A, huyu A, yule akikazana A, macho yananirukia mabenchi ya nyuma yote. Nimegundua nimeshafika ishirini na kitu na sijui hata nani anakaa dirishani.