Usingizi wa Mchana na Simu za Nyumbani

Kati ya jimbo la Minnesota, Marekani, na Kenya kuna tofauti ya saa nane majira ya joto na saa tisa majira ya baridi. Anayefanya kazi mchana haimsumbui sana. Tunaoumia ni sisi wa shifti ya usiku, maana saa zimepangana vibaya kabisa. Natoka kazini saa moja asubuhi, nafika nyumbani, naoga, nakunywa uji, na ikifika saa tatu niko kitandani. Wakati huo kwetu Nyamira, magharibi mwa Kenya, majira ya joto ni saa kumi na moja jioni. Watu wametoka kuchuma majani chai, wengine wametoka ofisini, kila mtu ameketi na simu mkononi, na aliye majuu ndiye anayekumbukwa kwanza. Hapo ndipo simu zinapoanza, na haziishi mpaka wao walale. Wakilala saa sita usiku, kwangu ni saa kumi jioni, wakati wa kuamka.

Ukiuliza namna ya kulala mchana, karibu kila mtu atakuambia ununue mapazia. Mapazia nitayafikia. Lakini kwa Wakenya wa huku Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya Minneapolis, ambao wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee na nyumba za watu wenye ulemavu, naona mwizi wa usingizi hapitii dirishani. Tumemfungulia mlango wenyewe na kumpa kiti.

Fikiria kwa nini mtu anachagua usiku. Kuna ile dola moja au mbili zaidi kwa saa. Kuna utulivu pia, wakubwa wamelala na jamaa za wagonjwa hawapo. Ila sababu kubwa, hasa kwa wenye watoto wadogo, ni gharama ya kulelewa mtoto mchana, ambayo inaweza kumeza mshahara wa mzazi mmoja. Basi mume anachukua mchana, mke anachukua usiku, wanapokezana mtoto na funguo za gari pale mlangoni. Kwa pesa, mpango unakubali. Sasa niambie, mama huyo analala saa ngapi? Yuko kwenye kochi, katuni zinapiga kelele, jicho limefumba lakini sikio liko kwa mtoto wa miaka miwili ambaye amenyamaza kidogo kupita kiasi. Saa kumi na mbili jioni mume anarudi, mama anajitupa kitandani kwa muda wa saa tatu hivi, halafu anaamka kwenda kazini. Akifanya hivyo mwaka mzima, nyumba inaanza kugombana juu ya sufuria na mabomba ya maji, na wazee wa kanisa wanaitwa kusuluhisha tabia ya mtu ambaye anachohitaji ni kulala tu. Hata nusu siku mbili tatu za kulelewa mtoto kwa wiki zinalipa. Wengine wamepatana na jirani mwenye shifti tofauti, Mkenya au Mliberia, leo unanishikia wangu, kesho nakushikia wako.

Halafu kuna dabo. Kuingia saa tisa alasiri na kutoka saa moja asubuhi, saa kumi na sita, na wapo wanaotoka hapo wakaenda moja kwa moja kwenye kazi ya pili. Simhukumu mtu. Karo ipo, matanga yapo, kusafirisha maiti kwenda nyumbani kunataka mchango wa kila mtu, na kile kiwanja hakijamaliziwa. Lakini barabara ya 94 asubuhi ya Januari, ikiwa na barafu, haijui kama una karo. Ile mikwaruzo ya pembeni inayotetemesha gari imewaamsha wengi wetu kuliko tunavyokubali kusema. Ukijikuta umesinzia kwenye taa nyekundu, ingia kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, kunywa kahawa, lala dakika ishirini. Kahawa inaanza kufanya kazi karibu na wakati unapoamka. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio hakumwamshi mtu kwa muda mrefu.

Wageni huambiwa, “Utazoea.” Mimi sisemi hivyo tena kwa mtu. Saa iliyo ndani ya mwili inarekebishwa na mwanga unaoingia machoni, na kila asubuhi ukitoka kazini jua linairudisha ilikokuwa. Wanasayansi Hall, Rosbash na Young walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi, wakianzia kwa inzi wa matunda. Nayo haibembelezwi kwa sababu umekaa usiku miaka mingi. Wanaofanya usiku daima, wengi miili yao haigeuki kabisa. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, likarudia uamuzi huo 2019. Sisemi haya ili mtu aache kazi kesho. Nasema usingizi ni sehemu ya kazi yenyewe, uupangie kama unavyopanga shifti.

Mapazia sasa. Sisi tumezaliwa karibu na ikweta, jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi na kuzama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka nenda mwaka rudi. Huku Juni limetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na linazama saa tatu usiku. Pazia la kawaida halifui dafu. Nunua yale mazito yasiyopitisha mwanga, na kama mfuko hauruhusu, foili ya jikoni ikibandikwa kwenye kioo inafanya kazi ileile, ingawa majirani watakutazama. Feni iwake hata Desemba, si kwa ajili ya joto, bali imeze kelele za mashine ya kukata nyasi au ya kusukuma theluji. Na chai, ndugu zangu. Hii yetu ya majani mengi ina kafeini, na saa tano baada ya kuinywa karibu nusu yake bado inazunguka mwilini. Kikombe changu cha mwisho ni saa tisa usiku. Ugali na nyama saa mbili asubuhi nimeacha, tumbo likifanya kazi nami silali.

Majira ya baridi mambo yanageuka. Desemba unatoka saa moja asubuhi bado ni giza, unalala vizuri mno, unaamka saa kumi na jua linazama saa kumi na nusu. Wiki inaisha hujaliona, na moyo unakuwa mzito bila sababu. Miezi hiyo naamka saa nane mchana nitoke nje nusu saa, hata kama pua inaganda. Siku za ofu sigeuki kuwa mtu wa mchana kabisa. Nalala saa tisa usiku mpaka saa sita mchana, katikati ya dunia mbili. Ibada ya asubuhi inanipita, na kuna mama mmoja wa kanisa aliyeamini kwa muda mrefu kuwa nimerudi nyuma kiroho.

Zile simu nimezitafutia dawa. Saa nane usiku, wakati wa mapumziko yangu, Kenya ni saa nne asubuhi, au saa tano majira ya baridi. Mama amemaliza kukamua, yuko kivulini, na mimi niko kwenye saa zile ambazo usingizi unakaba zaidi. Tunaongea, ananiamsha kuliko kahawa. Mchana simu iko kimya, isipokuwa namba ileile ikipiga mara mbili mfululizo, hapo inalia, kwa ajili ya dharura. Siri hiyo nilimpa mama peke yake. Shemeji yangu wa Nairobi bado anapiga wakati nimelala, na namjibu saa nane usiku yangu. Ameanza kulalamika kuwa namsumbua akiwa kazini.