Jumamosi ya neno moja

Daftari zetu za msamiati zilifanana kama sare za shule: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiswahili, mstari chini, neno lingine. Tulikuwa tumekusanyika Makole, hapa Dodoma, kwa mwalimu mstaafu wa sekondari aliyefundisha Kiingereza cha watu wazima siku za Jumamosi. Kulikuwa na bwana shamba mwenye ripoti ya mradi iliyokuwa ikimsumbua, dada mmoja aliyekuwa akiomba ufadhili wa masomo, makarani wa ofisini, na mimi. Mwalimu alizipitia daftari zote, akazirudisha, akaandika ubaoni maneno matatu: "reduce", "alleviate", "mitigate". Kwenye daftari zetu yote yalikuwa na jibu moja: punguza.

"Haya, tungeni sentensi."

Dada akaanza: "I want to mitigate my weight." Karani mmoja akafuata na "Please mitigate the price." Bwana shamba, kwa kujiamini kabisa, akasema, "The project will mitigate the farmers."

"Sarufi safi," Mwalimu akasema. "Ila hakuna Mwingereza atakayewaelewa haraka, na huyo wa tatu anataka kuwapunguza wakulima."

Tukacheka. Asubuhi nzima baada ya hapo ikawa ya neno hilo moja. Kiswahili, alieleza, hutumia kupunguza kwa uzito, kwa bei, kwa maumivu na kwa hatari. Kiingereza kimegawa kazi hiyo. "Reduce" ni kibarua wa kila kitu: uzito, bei, mwendo, idadi. "Alleviate" hushika kinachomuumiza mtu: "pain", "hunger", "poverty", "suffering". "Mitigate" hushika madhara na hatari: "the effects of drought", "the impact", "the risk", "the damage". Kwa hiyo anayeandika punguza kwenye daftari ameandika theluthi ya maana. Aandike "punguza makali", na hapo hapo neno linaanza kuchagua marafiki.

Akatufundisha kuliuliza neno maswali mawili: nani anafanya, na nini kinafanyiwa? Mtendaji wa "mitigate" mara nyingi ni hatua au mpango, "measures" au "policies", ingawa mtu naye anaweza. Kinachotendwa lazima kiwe kibaya. Mkulima si kibaya, ndiyo maana sentensi ya bwana shamba ilianguka. Halafu neno halihitaji kihusishi chochote mbele yake. Wengi huandika "mitigate against", kwa sababu wamelichanganya na "militate against", ambalo ni neno jingine kabisa lenye maana ya kuwa kikwazo. Ni kosa lile lile la "discuss about": tunajadili kuhusu jambo, basi tunabeba hiyo "kuhusu" mpaka Kiingereza.

Sauti ilitupa tabu zaidi ya maana. Sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, m-TA-ma au ki-SI-ma au ta-RI-mbo, bila kufikiri. Ukilipeleka neno hili kwa mazoea hayo utapata mi-TI-gate, wakati mkazo wake uko mwanzoni: MI-ti-gate. Ajabu yake, "mitigation" inaangukia pale pale tulipozoea, miti-GA-tion. Mwalimu alitupigisha meza kwa kiganja, pigo zito kwenye silabi ya mkazo, mpaka jirani akachungulia dirishani. "Exacerbate", yaani kuzidisha makali, ikaleta vurugu: mkazo uko silabi ya pili, ex-A-cer-bate, na wengi wetu tulitaka kuupeleka kwenye "cer".

Ubishi mkubwa uliletwa na ripoti. Bwana shamba alikuwa ameandika kwamba kupanda mtama na uwele badala ya mahindi ni "climate change mitigation". Mtu wa Dodoma anaona ni sawa: mvua yetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na mtama huvumilia ukame, kwa hiyo makali ya njaa yanapungua. Lakini kwenye lugha ya tabianchi, Mwalimu alisema, "mitigation" ni kupunguza gesijoto zenyewe, kwa mfano kuzuia ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa. Kuzoea hali iliyokwisha kubadilika, kwa mbegu zinazovumilia ukame au mabwawa ya kuvuna maji, ni "adaptation".

"Sasa mbona mafunzoni walisema drought mitigation?" bwana shamba akauliza, kidogo kwa ukali.

"Hiyo ni sahihi, Bwana Shamba. Hapo unapunguza makali ya ukame. Jirani wa neno amebadilika, na maana imebadilika naye."

Hakuna kamusi ndogo ya mfukoni inayokupa hilo. Kamusi kubwa za wanafunzi, zile za Kiingereza kwa Kiingereza, hutoa walau mifano ya sentensi, na Mwalimu alishikilia kwamba mifano isomwe kabla ya maana.

Baada ya chai akatoa karatasi ya manila na mkasi, tukate kadi za kukariria maneno. Kadi moja ni robo ya A4. Mbele huandiki Kiswahili, maana ukiandika punguza utajibu lolote kati ya yale matatu na ujihesabie umepata. Mbele ni sentensi yenye pengo na herufi ya kwanza: "Contour ridges can m______ the effects of drought." Bila ile m, "reduce" nayo ingeingia vizuri tu. Nyuma ni neno, alama ya mkazo, aina yake, majirani watatu, kama ni la maandishi rasmi au la mazungumzo, na sentensi moja mbovu iliyopigwa mstari pamoja na sababu.

Kadi zinakaa kwenye boksi la viatu lililogawanywa vyumba vitano, utaratibu ambao Mjerumani Sebastian Leitner aliueneza miaka ya 1970. Chumba cha kwanza hupitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa, hata kama ilikuwa chumba cha nne, inarudi cha kwanza. Maneno mapya yasizidi matano kwa siku, kwa kuwa kila kadi itarudi mara kadhaa, na anayeingiza thelathini Jumatatu huwa ameliacha boksi kufikia Alhamisi.

Dada akauliza aanze na maneno gani, kwa sababu yeye alikuwa na orodha ya maneno ya kushangaza watu. Mwalimu akamwelekeza kwenye orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, familia 570 za maneno ya kitaaluma: "allocate", "derive", "constrain", "whereas". Hayashangazi mtu, ila yamejaa kila kitabu cha chuo.

Karani mmoja alitaka kujua "unmitigated disaster" ni nini, kama ni janga lisilopungua. Ni janga tupu, lisilo na nafuu hata chembe. Bwana shamba alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa ameinamia ripoti yake na kalamu nyekundu, akibadilisha "mitigation" kuwa "adaptation" ukurasa kwa ukurasa, na kila alipokuta "drought" mbele yake anainua kichwa kumwuliza Mwalimu kama hiyo aiache.