Vyuma vyangu vipya, na kwanini namba saba ya sasa siyo ile ya zamani

Hizi fimbo zangu za gofu za chuma, Ping G425, nimekaa nazo muda wa kutosha sasa, masika yote nimepiga nazo na upepo wa kusi umenikuta nazo, kwahiyo naona naweza kuongea kitu cha maana kuliko zile siku za mwanzo ambapo kila mpira ulikuwa raha tupu. Aliniletea shemeji yangu anayeishi Uingereza, seti inaanzia namba tano mpaka pichingi weji (weji ni fimbo fupi za mipira ya karibu), shafti yaani mipini ni ya grafaiti, na nikamwomba aongeze na ile weji yao yenye herufi U, nitaeleza kwanini.

Pale kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo kila mtu akiziona kwenye begi anauliza swali moja, zinaenda mbali? Zinaenda, ila tuelewane vizuri hapo. Saba yangu ya zamani ilikuwa na lofti (yaani jinsi uso wa fimbo ulivyolala nyuma, ikipungua mpira unaenda mbali zaidi) ya digrii 35 na sita ilikuwa 31, hii saba mpya ni digrii 30. Yaani ukiishika hii saba umeshika fimbo iliyosimama kuliko hata ile sita ya zamani, kilichobadilika ni namba iliyochongwa chini. Na ndo mwelekeo wa soko zima, toleo la G430 lililokuja baadae saba imeshuka mpaka 29 na pichingi weji yake ni 41, wakati zamani pichingi weji ilikuwa inacheza kwenye 48 huko. Kwahiyo mtu akikwambia kaongeza yadi kumi kwenye saba yake, muulize lofti kwanza.

Ila siwezi kusema wanatudanganya. Uzito wameushusha chini kabisa ya kichwa, ndo maana mpira unapanda vizuri pamoja na kwamba uso wa fimbo umesimama. Kwa mwanamke mwenye spidi ya kawaida kama mimi hilo ni jambo kubwa mno, maana ile sita ya zamani yenye lofti karibu sawa na hii mpira ulikuwa unatoka chini chini, unatua mbele ya grini (ile sehemu ya nyasi fupi yenye kishimo na bendera) unakimbia mpaka nyuma, hii unapanda unashuka unakaa.

Lakini kilichonifanya nizipende kweli siyo umbali, ni mipira mibaya. Sisi wa ridhaa hatupigi katikati ya uso kila mara, mara kwenye ncha, mara chini kidogo. Zamani nikipiga kwenye ncha mkono unauma na mpira unaishia nusu ya safari, tena kwenye shimo lenye banka, yaani lile bonde la mchanga, mbele ujue ndo umeenda humo humo. Sasa hivi mpira wa hivyo hivyo unapungua kidogo tu, unafika ukingoni mwa grini, nachipu, yaani naugusa kidogo uingie grini, naendelea na maisha. Kadi yangu imetulia kwasababu ya hiyo mipira, siyo kwasababu ya ile mizuri, ile mizuri hata fimbo za zamani nilikuwa naipiga.

Sasa ile weji ya U. Pichingi weji ya G425 ni digrii 44.5, na mimi weji inayofuata kwenye begi ni 54. Zamani kutoka 48 kwenda 54 nilikuwa naweza kuziba kwa kushika gripu chini kidogo, ila kutoka 44.5 kwenda 54 hapana, hapo kuna pengo na liko kwenye umbali ule ule tunaoukuta kila raundi, yadi themanini, tisini. Ya U ni 49.5, inakaa katikati kabisa. Jamani mkiagiza seti za kisasa msikubali kuletewa bila hiyo weji, wengi wanauziwa seti inaishia pichingi halafu wanashangaa.

Namba nimejifunza upya zote, na hapo kedi wangu, anayenibebea begi, kanisaidia sana. Kuna shimo moja la par 3, yaani la mapigo matatu, alilozoea kunipa saba, siku hiyo naiomba akanigomea, "Dada chukua nane, hiyo saba inapita grini." Nikachukua nane, ikatua kwenye grini. Kusi likivuma usoni ndo tunarudi kwenye saba, maana mpira ukipanda juu hivi upepo unaudaka.

Kitu kingine, angalieni lai, yaani jinsi fimbo inavyokaa chini ukiiweka kupiga. Chora mstari kwenye mpira kwa makapeni, uweke mstari wima upande wa uso wa fimbo, piga, halafu tazama alama iliyobaki kwenye uso. Ikiwa wima uko sawa. Ikiegemea kwenye ncha fimbo imeinuka mno kwako, na kwa anayepiga kwa mkono wa kulia mipira itakuwa inavutwa kushoto. Ping wao wanaweka kidoti cha rangi, cheusi ndo kawaida, changu ni cheusi na alama ilitoka wima, nikashukuru Mungu.

Namba tano tu ndo hatujaelewana. Naipiga vizuri mazoezini kwenye mkeka, ila kwenye nyasi mpira haupandi ninavyotaka, kwahiyo nimeshamwambia shemeji akija Desemba aniletee haibridi (fimbo iliyo kati ya chuma na mbao) na hiyo tano itapumzika nyumbani.