Theluji ya Kibo na jua la asubuhi

Wageni kutoka Ulaya huniuliza, hata kabla hatujaondoka Moshi, kama Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, hutokea maporomoko ya theluji kama yale ya milima yao ya Alps. Poromoko la namna hiyo huhitaji mteremko mkali, hasa wa nyuzi 30 hadi 45, na tabaka gumu la theluji lililolalia tabaka dhaifu, ambalo likikatika hushuka na kila kilicho juu yake. Kwetu theluji mpya mara nyingi huyeyuka, au hugeuka mvuke kwa ukali wa jua, kabla haijarundikana kiasi hicho.

Ninachokiogopa mimi ni jiwe. Juu ya kambi ya Arrow Glacier, upande wa magharibi, ipo njia ya Western Breach inayopanda hadi kreta. Usiku barafu iliyomo katika nyufa hushikilia mawe kama saruji. Jua likiupiga mwamba, maji huanza kuchuruzika na mawe hulegea. Januari 2006 mawe yaliporomoka hapo na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani, njia ikafungwa kwa muda mrefu. Wapo wanaodhani kwamba barafu ikipungua hatari nayo hupungua, ilhali inayoondoka ndiyo iliyokuwa ikiyashika mawe: mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilometa za mraba 12, na kufikia 2011 hazikubaki hata 2.

Safari moja ya wakati wa vuli, ofisi iliyonipa kazi ilitaka tuondoke Arrow Glacier kumekucha, ili wageni walale vya kutosha. Nilikataa, na hadi leo sijutii maneno niliyoyasikia simuni. Tulianza kupanda usiku, helmeti kichwani, theluji ikifika kwenye vifundo vya miguu. Kila baada ya hatua chache niliichoma kwa fimbo: ikilia kavu na kuikataa ncha, tulipita, ikimeza fimbo kimya, nilipapasa kwanza kama chini yake kuna jiwe lililolegea, kwa maana theluji changa hufunika lililo zima na lililo bovu bila kubagua.

Saa nne asubuhi tulikuwa kreta, wagumu, yaani wapagazi wetu, wakichemsha chai, tuliposikia mawe yakibingirika chini yetu, katika mkondo uleule tuliopanda. Mgeni mmoja aliniuliza ni sauti ya nini, nikamwonyesha jua.