Moyo wa Ng'ombe Juu ya Meza ya Maabara

Muuza nyama wangu pale soko la Burma, Nairobi, haniulizi kilo ngapi. Ananiuliza, "Mwalimu, leo ni moyo au maini?" Moyo ulitusumbua kidogo mwanzoni. Mishipa mikubwa ya juu huwa inakatwa na kutupwa, maana nani ataitafuna? Nami ndiyo ninayoitaka. Tena mkaguzi wa nyama huuchanja moyo akitafuta mabuu ya tegu, kwa hivyo nachagua wenye chale chache.

Kidato cha pili wakifika mada ya usafirishaji katika wanyama, wengine huziba pua, na hakosi mmoja wa kuuliza nani ataupika. (Hakuna. Kilichopita maabarani hakiliwi.) Nikishaupasua, kila mmoja anabana kwa vidole ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia, kisha wa kushoto. Wa kushoto ni mnene zaidi, na hakuna anayehitaji kuambiwa. Nauliza kwa nini, halafu nanyamaza. Kuna msichana aliwahi kunijibu: "Wa kulia anatuma damu kwa jirani, mapafuni. Wa kushoto lazima ifike hadi kwato." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Baadaye namimina maji kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Vali, yaani vilango vya damu, zinajifunga, maji yanasimama, na wa viti vya nyuma wanapanda stuli kuona. Ndani kuna zile nyuzi nyeupe zinazozishika vali zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini zisipinduke, kama mwavuli kwenye upepo. Waache wazivute. Hawaamini zilivyo ngumu.

Kinachoniudhi ni desturi ya kufunga maabara mpaka kidato cha nne, kisha kukimbizana na majaribio KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ikikaribia. Karatasi ya tatu ya biolojia, ile ya vitendo, ina alama 40 na muda wa saa moja na dakika 45. Si mahali pa mtoto kushika wembe mara ya kwanza. Na usiniambie habari ya pesa. Kipande kidogo cha ini kinatosha darasa zima: kibichi ukikitia kwenye haidrojeni peroksaidi, povu la oksijeni linapanda papo hapo, kilichochemshwa kinatulia tu, kwa sababu kimeng'enya, kile kinachoivunja peroksaidi, kimeharibiwa na joto. Nikimaliza vimeng'enya nashuka soko la Gikomba kutafuta vichwa vya samaki, ila uwaambie wauzaji wasiyatoe matamvua, yale ya kupumulia. Wana haraka sana na visu wale akina mama.