Gramafoni ya hendeli kutoka Kongwa, nilivyoirudisha kuimba

Mafundi redio wa hapa Dodoma niliowapelekea hii gramafoni wote walikuwa na wazo moja, toa hayo machuma ya ndani, weka spika ya blutuu na betri, boksi libaki pambo. Mmoja alishaanza kunipigia na hesabu kabisa. Yani chombo ambacho hakijawahi kuhitaji umeme tangu kizaliwe, mtu anataka akichomekee chaja! Nikakibeba nikaondoka nacho.

Chenyewe ni HMV 102, ya kampuni ya His Master's Voice, ile ya kubebeka kama begi, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, ina ile nembo ya mbwa anasikiliza pembe. Ilikuwa kwa mjomba wangu Kongwa. Baba yake alifanya kazi kwa wazungu wa mradi wa karanga, ule wa mwaka 1947 ambao serikali yao wenyewe iliufuta 1951 maana mvua ziligoma na udongo wa kule ukishakauka unakunja vyuma vya trekta. Wazungu walivyofungasha wakaacha vitu vingi, na hiki kimojawapo. Nilivyoiulizia mjomba hata hakufikiria mara mbili, "Chukua tu mjomba, hapa kuku washaanza kuitagia."

Tatizo lake lilikuwa hivi, ukiizungusha hendeli inakubali, sahani ya kuwekea santuri inaanza kuzunguka vizuri tu, afu unasikia ndani DU! mashine nzima inashtuka, inaenda kidogo, DU! tena, mwisho inasimama. Kila mtu anasema springi imekatika. Sasa nikaenda Majengo kwa mzee mmoja fundi saa, nikamwamkia, akaisikiliza wala hajafungua kitu akasema, "Kijana, springi ikikatika hendeli inazunguka bure, husikii uzito. Hii unasikia uzito. Hii ni grisi imeganda." Akanieleza kwamba springi ni utepe wa chuma mrefu mita kadhaa umeviringishwa ndani ya mkebe, grisi ikizeeka inageuka gundi, mizunguko inagandana, nguvu ikizidi inaachia kwa mpigo na ndo hiyo DU. Na vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe, likiingia kwenye grisi linakuwa kama msasa.

Kabla hujagusa skrubu yoyote legeza springi yote, acha sahani izunguke mpaka ifie yenyewe. Hili silisemi kwa utani, springi iliyojaa ikichomoka inakata vidole. Hata ukishalegeza, bado ndani ya mkebe imebanwa, kwahiyo kuitoa nilimwachia mzee, akavaa glavu ngumu, akauweka mkebe ndani ya gunia na kuuvuta ule utepe mzunguko kwa mzunguko taratibu huku anapiga stori za Simba na Yanga. Mimi jasho lilikuwa linanitoka yeye hana habari. Ilitoka na uji mweusi mgumu wa kukwangua kwa kijiti. Tukaloweka kila kitu kwenye mafuta ya taa, tukasugua kwa mswaki, tukakausha. Chuma kizima, hata ufa hamna. Grisi ya grafaiti yenyewe hatukuipata madukani, tukachukua grisi ya beringi tukachanganya na unga wa grafaiti ule wa kulainishia kufuli.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni gavana. Ni kijimhimili kina vyuma vitatu vidogo vilivyoshikwa na vibapa vya springi, kikizunguka kasi vile vyuma vinatanuka kwenda nje, vikitanuka vinavuta kisahani cha shaba mpaka kinagusa kipande cha ngozi, msuguano unapunguza mwendo, mwendo ukipungua vinarudi. Basi. Hakuna saketi hakuna nini, na mwendo unakaa pale pale tangu springi imejaa mpaka inakaribia kuisha. Kile kipande kilikuwa kimekauka kikavu, matone ya mafuta ya cherehani yakatosha.

Sasa mashine ikawa inazunguka kimya kabisa lakini sauti mbovu, inakwaruza na kutetemeka. Hapo shida ni kichwa cha sauti, lile duara linaloshika sindano. Ndani kuna kiwambo cha aluminiamu chembamba sana, ukikitoboa kwa kucha umeisha, na kiwambo kinashikiliwa pande zote mbili na vimpira vyembamba. Vimpira vya zamani hivyo vilikuwa vimegeuka mfupa. Nikajaribu mpira wa valvu ya baiskeli, mnene mno. Kilichokubali ni ganda laini la waya wa silikoni, unachomoa nyaya za ndani unabaki na kijibomba, unakata duara linalofunga kamili bila kupishana. Pale mkono wa sindano unapoungana na katikati ya kiwambo panazibwa na nta ya nyuki, na nta kwa huku kwetu siyo kitu cha kutafuta, wauza asali wa Manyoni na Singida wanayo. Tone moja tu.

Sindano nazo ni kesi nyingine. Zile za chuma zinatakiwa kubadilishwa kila upande wa santuri, maana inalika yenyewe ikifuata mfereji, ukiirudia inaanza kuuchimba. Mtu akaniletea pakiti kutoka Nairobi nikaona kwa matumizi haya nitafilisika. Zamani kulikuwa na sindano za mianzi na za miiba, zinauzwa kabisa dukani, nikajisemea miiba si ndo tumezaliwa nayo? Nikakata miiba mikavu ya mgunga, nikachonga kichwa kiingie kwenye tundu, ncha nikainoa kwa msasa laini. Sauti inapungua ila inakuwa tamu, haina ule mkwaruzo, na santuri haiumii sana. Ncha inachoka mapema, unanoa tena.

Santuri zenyewe zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki, ndo maana usizisafishe kwa spiriti, zinayeyuka. Maji na tone la sabuni ya vyombo, epuka karatasi ya katikati, usianike juani. Na jirani alikuja na LP, zile santuri za plastiki za miaka ya sabini anataka nimpigie, nikakataa akanuna, lakini hicho kichwa kina uzito wa zaidi ya gramu 100, kingezilima zote.

Kupima mwendo weka kikaratasi chini ya santuri kitokeze pembeni, hesabu wakati inaimba, ziwe raundi 78 kwa dakika, mimi nahesabu 39 kwa nusu dakika. Ya kwanza kuimba ilikuwa taarabu moja ambayo mchwa walishakula jina. Kampuni hii hii ya HMV ndo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, kwahiyo nikaanza kudai ni yeye, mzee wa Majengo akasema aah wapi, huyo mwanaume. Na kweli ni mwanaume.

Bado breki ya kujizima yenyewe santuri ikiisha, haishiki, nasimamisha kwa kidole. Mjomba kwa simu ananiambia niirudishe Kongwa sasa hivi, kuku wamehamishwa.