Siku 222 nilizozidisha Marekani, na makaratasi ya ndoa yaliyofuata

Viza yangu ya matembezi ilionyesha kwamba inaisha Agosti 2016. Tarehe hiyo ndiyo niliyoishika kichwani, na ndiyo iliyoniponza. Niliingia Marekani tarehe 13 Septemba 2015 kumsaidia dada yangu aliyekuwa anakaribia kujifungua. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akalazwa wiki nyingi, na dada hakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono. Afisa aliyenipokea uwanja wa ndege alikuwa amenipa miezi sita tu, hadi 12 Machi 2016. Aliiandika kwa kalamu kwenye mhuri wa pasipoti, na ikaingia pia kwenye kumbukumbu yao ya kielektroniki iitwayo I-94. Sikusoma mhuri wala kumbukumbu.

Viza ni ya kubishia hodi. Ukishakaribishwa ndani, I-94 ndiyo inayosema utakaa hadi lini. Laiti ningeambiwa hivyo siku ile naondoka Dodoma.

Niliondoka 20 Oktoba 2016 kwa sababu baba alikuwa anaumwa Mpwapwa. Pale uwanjani hakuna aliyeniuliza neno. Nikapanda ndege nikiamini kwamba kama kulikuwa na kosa, basi ni la miezi miwili hivi, na limeshakwisha.

Mwaka uliofuata mume wangu alileta barua ya posa. Ni mtu wa kwetu, amezaliwa Kongwa, ila alishachukua uraia wa Marekani. Tulifahamiana kanisani kwa dada. Tulifunga ndoa hapa Dodoma Juni 2018, na Agosti akapeleka ombi la kumleta mke, fomu I-130, kwa dola 535. Siku hiyo ndipo nilipomwambia baba mdogo kwamba niliwahi kupitiliza muda. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ulizamia, mwanangu?" Hakusema kwa ukali, lakini nilishindwa kula jioni ile.

Kwa aibu hiyo nikaenda kwa wakala mmoja mjini. Alinisikiliza dakika tano. "Dada, hilo jambo dogo. Chukua pasipoti mpya, na ukifika kwenye lile swali la kuzidisha muda jibu hapana. Wale wanahudumia dunia nzima, watakukumbuka wewe?" Alitaka laki nne. Nililala na maneno yake wiki mbili, na nasema ukweli, nilikuwa nimeanza kuyakubali.

Aliyeniokoa ni mume wangu. Nilipomweleza kwa simu alinyamaza, kisha akasema, "Mama, usijaze chochote mpaka nimuone wakili." Wakili aliyemuona kule alianza na swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza: ni siku ngapi hasa?

Nilikaa sebuleni kwa mama, Nkuhungu, na kalenda za mwaka 2015 na 2016 nilizochapisha, nikahesabu kwa kalamu kuanzia 13 Machi. Mama akawa anahesabu pamoja nami kwa kunong'ona. Hadi siku niliyopanda ndege zikawa 222.

Sheria yao inapima kwa mizani ya siku 180. Mtu mzima aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha akaondoka kwa hiari yake, anafungiwa kuingia Marekani kwa miaka 3. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, anafungiwa miaka 10. Kifungo kinaanza kuhesabiwa siku unayoondoka. Mimi nilivuka mstari kwa siku 42. Ningeondoka mwanzoni mwa Septemba 2016 nisingefungiwa hata mwaka mmoja, ingawa ile viza ya matembezi ingekuwa imeshakufa vilevile.

Kisha wakili akaeleza kuhusu ule ushauri wa wakala. Alama za vidole vyangu walikuwa nazo tangu nilipoomba viza ya kwanza. Pasipoti mpya haibadilishi vidole. Na kusema uongo kwenye ombi la viza ni kosa jingine kabisa, ambalo kifungo chake hakina mwisho: unabaki umefungiwa maisha, labda upate msamaha maalumu. Yaani ningekichukua kifungo cha miaka 3, ambacho kilikuwa kimeshatembea karibu miwili, nikakibadilisha kwa cha milele, tena kwa kulipia laki nne. Nikikumbuka hilo bado mwili unanisisimka.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuomba msamaha kwa fomu I-601, wakati huo dola 930. Nilidhani nitaeleza ninavyoteseka huku peke yangu. Kumbe mateso ya mwombaji hayahesabiwi. Inabidi kuthibitisha kwamba mwenzi au mzazi ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu wa kule ndiye atakayepata shida kubwa kupita kiasi: ugonjwa wake, wategemezi wake, kazi yake, na kwa nini asiweze kuhamia huku. Mume wangu ni mzima, anazungumza Kiswahili na Kigogo, na kwao ni Kongwa. Tungeandika nini?

Njia ya pili ilikuwa kungoja hadi 20 Oktoba 2019. Tukaichagua hiyo. Kuna ndugu waliotuona wazembe, hasa I-130 ilipokubaliwa Aprili 2019. Watu walianza kunipongeza, na mama akapika pilau. Lakini ombi lile linaangalia kama ndoa ni ya kweli tu. Suala la siku zilizozidi linangoja mahojiano. Ningeitwa ubalozini kabla ya Oktoba, ningenyimwa.

Kwa hiyo faili lilipofika kituo chao cha taifa cha viza hatukukimbia. Tulilipa ada, tukakusanya vyeti polepole, tukaandika barua pepe mara kwa mara. Hili nalisisitiza: ukikaa mwaka mzima bila kuwasiliana nao, wanaweza kulifuta ombi. Kungoja kwetu kulikuwa na tarehe kwenye kalenda. Mwishoni mwa Oktoba nikajaza DS-260, fomu ya kuomba viza ya kuhamia, na penye swali la kuzidisha muda nikajibu ndiyo, nikaandika tarehe zote mbili.

Januari 31, 2020 lilitoka tangazo la rais wao likiitaja Tanzania. Simu hazikukatika. Nililisoma lenyewe badala ya kusikiliza ya watu: kwa Tanzania lilihusu viza za bahati nasibu peke yake. Wenzi wa raia hawakuguswa.

Mahojiano yangu yalikuwa Februari. Nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, bahasha nimeipakata hadi Ubungo. Ndani mlikuwa na I-94 niliyoichapisha, nakala ya mhuri wa kurudi nyumbani, kipande cha tiketi ya ndege ya 2016, na karatasi yangu ya hesabu. Picha za harusi na miamala ya simu afisa alizitazama juujuu. Akauliza, "Uliwahi kukaa Marekani zaidi ya muda uliopewa?"

"Ndiyo. Siku 222. Niliondoka 20 Oktoba 2016."

Akaangalia skrini, akaangalia karatasi yangu, akauliza kwa nini. Nikamweleza kuhusu mtoto wa dada. Haikuchukua dakika tatu. Akabaki na pasipoti yangu na kuniambia viza imekubaliwa.

Nilisafiri mwanzoni mwa Machi, siku chache kabla ya korona kufunga viwanja. Uwanja wa ndege walinipeleka chumba cha pembeni, wakaniuliza jambo lilelile, nikatoa karatasi ileile. Kadi yangu ya kwanza ya ukaazi ilikuwa ya masharti, ya miaka miwili, kwa kuwa ndoa yetu ilikuwa haijatimiza miaka miwili.

Sera zao hubadilika, na haya niliyoyasimulia ni ya 2016 hadi 2020. Ila kila nikirudi nyumbani, kuna mtu anakuja kwa mama jioni na kuanza kwa sauti ya chini. Mara ya mwisho alikuwa binti wa jirani, ameolewa, anaogopa, na ameshaambiwa habari za pasipoti mpya. Nilimuomba pasipoti ya zamani, tukautafuta mhuri, mama akaleta kalamu. Zikatoka siku 163.